Kaisari Aliyeitwa Kakiatu

Mtaani naitwa Profesa. Sikujipa mimi. Nilipopata nafasi ya chuo, jirani mmoja alianza kuniita hivyo kama mchezo, na kabla wiki iishe hata watoi wa ploti walikuwa wananiimbia nikipita. Mathe ndiye alikuwa anaskia raha zaidi. Mwaka wa pili karo ikakataa kabisa, nikarudi home na godoro langu, na jina likarudi na mimi. Midomo inayoniita ni ile ile. Lakini siku hizi kuna kacheko fulani hapo mwishoni, na wanaocheka wanajua nimekasikia.

Sasa juzi nilikuwa nasoma kuhusu Caligula, yule kaisari wa Roma ambaye watu wanapenda kupost stori ya farasi wake. Farasi hakunishika. Kilichonishika ni jina.

Kwanza, hakuna mtu aliyemzaa mtoto akamwita Caligula. Huyu jamaa alizaliwa tarehe 31 Agosti mwaka 12 BK na akapewa jina Gaius Julius Caesar. Ndiyo, neno kwa neno jina la yule Julius Caesar mnayemjua, aliyedungwa visu mwaka 44 KK. Kwao halikuwa jambo la ajabu. Warumi walikuwa na majina ya kwanza machache sana, na familia kubwa zilirudia yale yale kizazi baada ya kizazi. Kama kwenu mnarithi majina ya babu na shosho, unaelewa vile boma moja linaweza kuwa na kina Kamau wanne.

Babake, Germanicus, alikuwa kamanda wa majeshi ya Roma kule mto Rhine, na watu walimpenda vibaya sana. Mtoto aliishi kambini na mamake, Agrippina, akivalishwa kama askari wa kawaida, mpaka viatu. Mwanahistoria Tacitus anasema wazi kwamba viatu hivyo vilikuwa vya kuwafurahisha wanajeshi. Kwa lugha yetu, hiyo ilikuwa content. Kamtoto ka kamanda kamevaa kama nyinyi, nani hatatabasamu?

Kiatu chenyewe kiliitwa caliga. Ngozi nzito, mikanda inayoacha vidole nje, na misumari ya chuma chini. Fikiria akala zilizoenda jeshi. Na shika hii: caliga kilikuwa kiatu cha askari wa chini. Wakubwa hawakukivaa. Mtu akisema fulani ni wa caliga, alimaanisha ni wale wa kutembea kwa mguu na kuchimba mitaro. Sasa Kilatini kikitaka kufanya kitu kidogo, kinakiongezea mkia: caliga, caligula. Sisi tunaweka udogo mbele, ka-. Kwa hivyo ukiniambia nitafsiri Caligula kwa Kiswahili cha Nairobi, jibu ni moja tu. Kakiatu.

Hilo jina lilikuwa la mapenzi kabisa. Mwaka 14 BK, kaisari Augustus alipofariki, wanajeshi wa Rhine waligoma. Walikuwa wanadai mshahara mzuri na kuachiliwa waende nyumbani, ju wengine walikuwa wametumikia miaka mingi mpaka wakazeeka kambini. Mambo yalichacha, maafisa wakapigwa, na Germanicus akaamua kuondoa mke na mtoto. Tacitus anasema askari walipoona Agrippina anaondoka kambini amebeba yule mtoto wao, Kakiatu, wakaingiwa na aibu. Wanaume waliokuwa wamewapiga maafisa wao, wakalainishwa na kamtoto ka miaka miwili. Wao ndio walimpa jina, na kwa hesabu yao alikuwa wao.

Halafu maisha yakabadilika haraka. Babake alifariki mwaka 19 BK. Chini ya kaisari Tiberius, mamake alifukuziwa kisiwani akafia huko, na kaka zake wawili pia wakamalizwa. Yeye akaenda kuishi na huyo huyo Tiberius kwenye kisiwa cha Capri, akijifunza kunyamaza. Mwaka 37 BK Tiberius akafa, na kijana wa miaka 24 akawa mtawala wa Roma. Hapo mwanzoni watu walijaa barabarani wakimwita kifaranga, nyota, mtoto wetu. Roma nzima ilikuwa inampatia majina ya kubembeleza.

Shida ni kwamba miguu ilikuwa imeshatoka kwa kile kiatu. Seneca, aliyeishi nyakati zake, anasimulia kwamba afisa mmoja wa jeshi alimwita Caligula akajipata matatani, ju kaisari aliliona ni tusi. Na Seneca anashangaa, maana wanajeshi walikuwa wanamjua kwa jina hilo kuliko lingine lolote. Mtu mwingine alimsalimia tu kama Gaius, jina lake halisi jameni, na bado akakasirika.

Hapo ndipo niliweka simu chini kidogo. Afisa hakubadilisha kitu. Jina ni lile lililowatoa askari machozi. Lakini mtoto akiitwa Kakiatu anapendwa, na mtawala wa dunia akiitwa Kakiatu anakumbushwa viatu vya watu wa chini, na kwamba kuna watu walimjua kabla hajakuwa mkubwa. Mimi nimepanda ngazi hiyo nikirudi chini. Profesa lilikuwa zuri nikielekea chuo. Nikitoka, linauma.

Simtetei. Waliomwandika vibaya wengi walikuwa watu waliomchukia, na Suetonius aliandika miaka kama themanini baadaye, kwa hivyo stori zingine zibebe na chumvi. Lakini uonevu ulikuwepo, na moja ya njia zake ilikuwa majina. Kulikuwa na afisa wa walinzi wake, Cassius Chaerea, mzee mwenye sauti laini. Kila Chaerea alipokuja kuuliza neno la siri la zamu, Caligula alimpa neno la kumdhalilisha, kama Venus, mungu wa kike wa mapenzi, au mengine machafu zaidi, ili mzee akalitamke mbele ya wenzake wacheke. Mwezi Januari mwaka 41 BK, kwenye njia ya ndani ya ikulu, Chaerea alikuwa kati ya waliomdunga. Kaisari alikuwa na miaka 28. Mtu aliyechukia kuitwa Kakiatu hakuona kwamba na mwenzake pia anaskia uchungu.

Alijaribu pia kutumia cheo kupanga majina. Septemba aliibadilisha iitwe Germanicus, kumkumbuka babake. Angalia kalenda yako uone kama ilishika. Kwenye sarafu zake aliandikwa Gaius Caesar Augustus Germanicus, majina manne mazito, na hakuna hata moja yenye Caligula. Waandishi kama Philo wa Alexandria, aliyeenda kumwona uso kwa uso kutetea Wayahudi wa mji wake, walimwita Gaius tu. Miaka karibu elfu mbili baadaye, andika Gaius kwa simu yako uone wangapi watatokea. Andika jina la wale askari wa Rhine, anatokea yeye peke yake.

Jana jioni nilipita kwa mama mboga wetu, wa kwanza kabisa kuninunulia soda nilipoitwa chuo. "Profesa, za ngapi?" Sikuskia kacheko. Labda hakakuwepo, labda nilikuwa nimeacha kukatafuta. Nikamwambia nyanya za hamsini, na aniongezee dania.

Wewe mtaani wanakuita nani, na ni nani alianza? Niandikieni.