Aliyewachunguza Walionusurika

Mwaka 1917 Hugh DeHaven, Mmarekani aliyekuwa akijifunza urubani katika kikosi cha anga cha Uingereza, aligongana angani na ndege nyingine. Ndege yake ikaanguka, akapasuka ini, nyongo na kongosho, akavunjika miguu. Kupona kwake kuliitwa bahati. Yeye hakulikubali jibu hilo, na alikuwa na haki: kifungo chenye ncha cha mkanda wake wa usalama ndicho kilichomwumiza tumbo, na kifungo hutengenezwa na binadamu.

Alidondosha mayai jikoni kwake juu ya sponji, akiangalia unene gani unatosha yasivunjike. Kisha akawafuatilia watu walioanguka kutoka ghorofani wakaishi. Mwaka 1942 akachapisha uchunguzi wa watu 8. Mmoja wao ni mwanamke aliyeanguka takribani mita 17, akatua kwa ubavu na mgongo kwenye udongo wa bustani uliotoka kulimwa. Udongo ulibonyea kama sentimita 10. Mama huyo aliinuka akakaa.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kimo cha kuanguka kwa umbali wa kusimama. Mita 17 kwa sentimita 10 ni 170, yaani kwa wastani mwili ulibeba mara 170 ya uzito wake. Angetua kwenye zege na kusimama ndani ya sentimita 1, ingekuwa mara 1,700. DeHaven akahitimisha kuwa mwili waweza kustahimili hata mara 200, mradi iwe kwa kitambo kifupi mno na pigo lienee mwilini. Kwangu mimi, hesabu hiyo imeokoa watu wengi kuliko visa vyote vya miujiza tunavyosimuliana.

Desemba 1954, daktari wa jeshi John Stapp alijifunga kwenye kigari cha roketi huko New Mexico ili kupima mwili unastahimili kusimama ghafla kiasi gani, akafika zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa na kusimama kwa sekunde 1.4. Macho yalivia damu, akapona. Mwaka 1959 Nils Bohlin wa Volvo akaleta mkanda wa kifuani na kiunoni, unaolibeba pigo kwenye mifupa imara, si tumboni.

Kofia ya bodaboda hufanya kazi ileile: sponji ngumu iliyo ndani hubonyea ili kichwa kipate sentimita chache za kusimamia. Ikishabonyea hairudi. Kofia iliyokwisha kupata ajali usiivae tena, wala usimpe mwenzio.