City of Glasgow College: Jinsi vyuo vinne vilivyogeuka kuwa kimoja

Ukitaja Glasgow, watu wengi hukumbuka Celtic na Rangers. Lakini jiji hilo la Scotland lina hadithi nyingine: vyuo vyake vya ufundi vilikuwa 10, leo vimebaki vitatu tu. Kikubwa kuliko vyote ni City of Glasgow College.

Hivi si vyuo vikuu. Ni vyuo vya kati, mahali ambapo kijana aliyemaliza shule, au mtu mzima anayetaka kubadili kazi, anaenda kusomea ujuzi wa mikono na wa ofisini. Kwa Tanzania ungefikiria VETA, kwa Kenya ungefikiria TVET.

Vilianza vipi?

Kila chuo kilikuwa na fani yake, kulingana na kazi zilizokuwepo mjini.

• Glasgow College of Building and Printing: ujenzi na uchapaji. Mnara wake wa ghorofa 14 ulijengwa miaka ya 1960.
• Glasgow College of Food Technology: upishi, uokaji mikate na kazi za hoteli.
• Central College of Commerce: biashara na kazi za ofisi.
• Glasgow College of Nautical Studies: unahodha na uhandisi wa meli, pale kando ya mto Clyde.

Hicho cha mwisho hakikuwekwa pale kwa bahati. Clyde ulikuwa mto wa viwanda vya meli vinavyojulikana dunia nzima. Hata MV Victoria, ile inayowabeba wakazi wa Mwanza na Bukoba, iliundwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi Ziwa Victoria mwaka 1961. Chuo cha mabaharia kilikuwa hadi na ukumbi wa kuonyesha nyota, ili wanafunzi wajifunze kuongoza meli kwa kutazama anga.

Kwa nini viliunganishwa?

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1993. Sheria mpya iliviondoa vyuo vya Scotland mikononi mwa serikali za mitaa, na kila kimoja kikawa na bodi yake na bajeti yake. Matokeo yake, vyuo vilivyo jirani vikaanza kugombania wanafunzi walewale huku vikifundisha kozi zinazofanana. Majengo nayo yalikuwa yanazeeka, na kuyatunza ni gharama.

Hatua ya kwanza ikaja mwaka 2005. Chuo cha ujenzi na uchapaji kikaungana na chuo cha chakula, kikazaliwa Glasgow Metropolitan College.

Miaka mitano baadaye, Septemba 2010, Metropolitan, Central na kile cha mabaharia vikawa kitu kimoja: City of Glasgow College.

Wengine wakafuata. Mwaka 2013 vyuo sita vilivyobaki viliungana vitatu vitatu, vikapatikana Glasgow Clyde College na Glasgow Kelvin College. Safari hii ilikuwa sera ya serikali ya Scotland, iliyogawa vyuo vyote nchini katika kanda 13.

Majengo mapya ya pauni milioni 228

Chuo kipya kilirithi majengo 11 yaliyotapakaa mjini. Badala ya kuyakarabati, uongozi uliamua kujenga upya sehemu mbili tu.

Kampasi ya Riverside, kando ya mto, ilifunguliwa mwaka 2015. Ndani yake kuna vyumba vya kuigiza uendeshaji wa meli: mwanafunzi anasimama kama yuko darajani, anaona bandari na mawimbi mbele yake, na akikosea hakuna anayezama.

Kampasi ya City, katikati ya jiji, ilifuata mwaka 2016. Zote mbili ziligharimu pauni milioni 228, fedha ambazo zilitolewa kwanza na wawekezaji binafsi kisha zinalipwa kidogo kidogo kwa miaka 25.

Kampasi hizo ziliingia fainali ya tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo Uingereza, moja mwaka 2016 na nyingine 2017. Hakuna iliyoshinda.

Na ule mnara wa zamani? Haukubomolewa, kwa sababu unalindwa kisheria kama jengo la kihistoria. Ulivalishwa bango kubwa la rangi ya waridi lenye maneno "People Make Glasgow", yaani watu ndio wanaoifanya Glasgow, na ukawa kivutio cha picha wakati wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2014. Baadaye uliuzwa.

Nani alifaidika, nani aliumia?

Waliofaidika wanaonekana: wanafunzi wa kozi za muda wote walipata karakana za kisasa.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya kuunganisha vyuo, bajeti ilibana na serikali ya Scotland ikatoa kipaumbele kwa kozi za muda wote zinazowalenga vijana. Kozi za muda mfupi zikapungua sana nchini kote. Wakaguzi wa serikali walionyesha kuwa walioathirika zaidi ni wanawake na watu wazima, wale wanaosoma jioni baada ya kazi au watoto wakiwa shule.

Wafanyakazi nao hawajatulia. Mwaka 2023 wahadhiri wa City of Glasgow College waligoma kupinga kupunguzwa kazini. Walisema wakiondoka walimu, mwanafunzi ndiye atakayeumia. Uongozi ulijibu kuwa fedha zinazotoka serikalini hazitoshi.

Tarehe za kukumbuka

1993: Vyuo vinatoka serikali za mitaa.
2005: Metropolitan inazaliwa.
2010: City of Glasgow College inaundwa.
2013: Vyuo vya Glasgow vinabaki vitatu.
2015 na 2016: Kampasi mpya zinafunguliwa.