Viwakilishi vya kujirejelea vya Kiingereza

Viwakilishi vya kujirejelea ni maneno ya Kiingereza yanayoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni yuleyule. Kiswahili huifanya kazi hiyo kwa kiambishi *-ji-*, kisichobadilika kwa nafsi yoyote: *nilijikata, ulijikata, walijikata*. Kiingereza hutumia neno la pekee baada ya kitenzi, nalo hufuata nafsi na idadi ya mtenda: *I cut myself, you cut yourself, they cut themselves*.

Maumbo

Umoja una *myself, yourself, himself, herself, itself* na *oneself*. Wingi una *ourselves, yourselves* na *themselves*. Nafsi ya kwanza na ya pili hujengwa juu ya vimilikishi *my, our* na *your*, ilhali *himself* na *themselves* hujengwa juu ya maumbo ya mtendwa, *him* na *them*. *Hisself* na *theirselves* husikika katika baadhi ya lahaja, lakini si Kiingereza sanifu.

Katika Kiingereza cha Kale, viwakilishi vya kawaida vya mtendwa vilitosha kujirejelea, na *self* liliongezwa kwa msisitizo. Maneno hayo mawili yalizoeleka kuandamana katika Kiingereza cha Kati, hata yakawa neno moja.

Matumizi

Kwa kawaida kiwakilishi humrejelea mtenda aliye katika kishazi kilekile. Katika *Asha says Mary admires herself*, anayejihusudu ni Mary; angekuwa Asha anayehusudiwa, lingetumika *her*.

Kazi ya pili ni kusisitiza: *the president himself came*, yaani rais mwenyewe alikuja. Hapa kiwakilishi kikiondolewa, sentensi haipungukiwi. Kikitanguliwa na *by*, huwa na maana ya upweke au kutosaidiwa: *she lives by herself*, anaishi peke yake.

Mipaka

Si kila *-ji-* ya Kiswahili hudai kiwakilishi hiki. *He shaved* hutosha kwa *alijinyoa*. Kutendeana nako huonyeshwa kwa *each other*: *they love each other* ni *wanapendana*, bali *they love themselves* ni *wanajipenda*. Baada ya kihusishi cha mahali, umbo la kawaida ndilo lizoelekalo: *he put the bag beside him*. Vilevile, *my brother and myself will come* husikika sana, lakini miongozo mingi ya uandishi hupendekeza *my brother and I*.