Walimu, korona na namba ambayo haikuandikwa popote

Kwa kawaida hapa huwa tunaongea mambo ya programu, simu na intaneti. Leo naomba mniruhusu niingie kwenye historia kidogo. Ni historia ya juzi tu, lakini naona tumeanza kuisahau, na imejaa hesabu na mitambo kuliko unavyodhani.

Nazungumzia tarehe 12 Oktoba 2020. Siku hiyo wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni hapa Kenya baada ya kukaa nyumbani karibu miezi saba. Kila mtu anakumbuka upande wa watoto na wazazi. Walimu je? Wengi wetu tulisema maneno mabaya juu yao wakati ule: kwamba ni wavivu, kwamba wamezoea kula mshahara bila kufanya kazi, kwamba hawataki kuiacha rimoti ya TV. Mimi pia niliyasema. Halafu shangazi yangu akanipigia simu.

Nitafika kwa shangazi. Kwanza tukumbushane jinsi mambo yalivyokwenda.

Kufungwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, siku ya Ijumaa. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zinafungwa: za kutwa kuanzia Jumatatu, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Kufunga kulichukua siku tano. Kufungua ndiko kulikochukua muda.

Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Hakutakuwa na KCPE wala KCSE mwaka huo, na shule zitafunguliwa Januari 2021. Wanaopenda teknolojia wana sababu nyingine ya kuikumbuka tarehe hiyo. Siku hiyo hiyo kampuni ya Loon, ndugu yake Google, pamoja na Telkom Kenya walianza rasmi kutoa intaneti ya 4G kwa maputo yaliyokuwa yakielea kilomita 20 hivi juu ya vichwa vyetu. Yalikuwa maputo kama 35, na yalilenga eneo la karibu kilomita mraba 50,000, kuanzia Nakuru na Baringo hadi upande wa Kakamega na Kisumu. Watu tulifurahi kweli. Tulisema sasa mtoto wa kijijini atasoma kutoka mbinguni.

Lakini ebu tazama sensa ya 2019. Ni asilimia 17.9 tu ya nyumba za Kenya zilizosema zina intaneti. Zenye kompyuta au tableti zilikuwa asilimia 8.8. Televisheni ilikuwa kwenye asilimia 40.7 na redio asilimia 56.9. Kwa hiyo masomo ya KICD yalipopita KBC, chaneli ya Edu na YouTube, mtoto wa mtaani kwetu aliyapata na mtoto wa jirani hakuyapata. Serikali ilikuwa tayari imegawa zaidi ya vifaa milioni moja vya kusomea katika shule za msingi za umma tangu 2016. Shida ni kwamba mpango ule ulijengwa kwa ajili ya darasa. Haukujengwa umfuate mtoto hadi nyumbani. Maputo nayo yalizimwa mwanzoni mwa 2021, Loon ilipofunga biashara.

Naeleza haya kwa sababu moja. Teknolojia ilishindwa kubeba mzigo, basi mzigo ukarudi kwa mwalimu na darasa lake. Ndipo hofu ilipoanza.

Simu ya shangazi

TSC, ile Tume ya Huduma kwa Walimu, iliwaamuru walimu waripoti shuleni tarehe 28 Septemba 2020 ili wajiandae. Siku mbili kabla, shangazi akanipigia. Anafundisha shule ya msingi ya umma, na wakati huo alikuwa na miaka 56 na presha ya miaka mingi. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nimekaa nyumbani kama wanafunzi wengine.

"Wewe si unasomea kompyuta? Hebu nipigie hesabu ya darasa langu."

Darasa lake lilikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, na wanafunzi 60. Masharti ya wakati ule yalisema mtu na mtu wakae umbali wa mita moja na nusu. Nikaandika programu fupi, mistari kama ishirini ya Python, ingawa ukweli ni kwamba karatasi ingetosha. Toa mita 2 za mbele kwa ajili ya ubao na mwalimu. Toa nusu mita ukutani kila upande, na nusu mita nyuma. Unabaki na mita 5.5 kwa mita 5. Kwa nafasi ya mita 1.5 unapata safu nne za watoto wanne wanne. Jumla 16.

"Kumi na sita," nikamwambia.

"Na nina sitini."

"Basi unahitaji madarasa manne, shangazi. Na walimu wanne."

Akacheka kidogo. Shuleni kwao darasa hilo lilikuwa na mwalimu mmoja, yeye. Kisha akanipa PIN yake ya M-PESA. Nikamwambia shangazi, mambo ya usalama hayaendi hivyo, PIN haipewi mtu. Akanijibu, "Najua, mwanangu. Lakini mimi naingia mle ndani Jumatatu. Wewe iweke tu." Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo sijasema tena kwamba walimu walikuwa wavivu.

Na tusisahau kwamba yeye alikuwa na bahati, maana mshahara wake uliingia kila mwezi. Walimu wa shule nyingi za kibinafsi na wale wa BOM walikaa miezi bila senti. Kule Mwea, Kirinyaga, kuna shule ya kibinafsi ambayo madarasa yake yaligeuzwa kuwa banda la kuku ili mwenyewe apate riziki. Kwa hiyo wako walimu walioomba shule zifunguliwe hata kesho, na wako walioomba zisubiri. Wote walikuwa na sababu.

Chicago, 1937

Tuondoke Kenya kidogo. Jambo hili lilikuwa limewahi kutokea, na mtu wa teknolojia ataipenda hadithi hii.

Mwaka 1937 mji wa Chicago, Marekani, ulipata mlipuko wa polio shule zikiwa karibu kufunguliwa. Wakaahirisha kufungua, na kuanzia tarehe 13 Septemba wakaanza kufundisha kwa redio. Stesheni sita zilitoa muda wao. Masomo yalikuwa ya robo saa, kwa watoto wa darasa la tatu hadi la nane, zaidi ya 300,000. Magazeti yalichapisha ratiba na maswali kila siku. Kulikuwa hata na namba ya simu ambapo walimu walijibu maswali ya wazazi, na siku ya kwanza pekee zilipigwa simu zaidi ya elfu moja, hadi ikabidi waongeze watu.

Na matatizo yalikuwa yaleyale ya kwetu. Kuna watoto waliokosa redio, na kuna mitaa ambayo mawimbi hayakufika vizuri. Mwalimu wa redioni hakuweza kuona nani ameelewa na nani amelala. Mwezi huo ulipokuwa unaisha shule zilikuwa zimeanza kufunguliwa, na redio ikawekwa kando. Miaka 83 baadaye sisi tukaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Nadhani hilo ni jambo letu sisi watu wa mitambo. Tunapenda kitu kipya, na hatusomi kumbukumbu za kile kilichoanguka jana.

Oktoba yenyewe

Turudi nyumbani. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa kipimo: kabla ya kulegeza masharti, watu wanaopatikana na virusi kati ya wanaopimwa wawe chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili. Kenya mwezi Septemba ilishuka hadi karibu asilimia 4. Tarehe 28 Septemba, siku ileile walimu walipokuwa wanaripoti, Rais alilegeza kafyu na kuruhusu baa ziuze pombe tena. Ujumbe ulioeleweka mitaani ni kwamba korona imekwisha.

Tarehe 6 Oktoba ikatangazwa kwamba madarasa yale matatu yatarudi tarehe 12. Wazazi na walimu walipewa siku sita. Serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 1.9 za madawati yatengenezwe na mafundi wa jua kali, lakini fundi hawezi kuranda mbao za nchi nzima kwa wiki moja. Waziri mwenyewe alikiri kwamba nafasi kati ya mtoto na mtoto itakuwa shida, ila akasema shida hiyo isiwazuie watoto kusoma. Kilichobaki ni barakoa, maji na sabuni.

Kisha namba zikageuka. Kabla mwezi haujaisha, shule mbili za sekondari mjini Mombasa zilifungwa baada ya walimu na wafanyakazi kupatikana na virusi, na mwalimu mkuu wa mojawapo akafariki. Viongozi wa vyama vya walimu wakapaza sauti, na Katibu Mkuu wa KNUT, Wilson Sossion, akataka shule zifungwe tena. Tarehe 4 Novemba Rais alilieleza taifa kwamba Oktoba ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote hadi hapo: maambukizi mapya zaidi ya 15,000 na vifo kama 300. Ile asilimia 4 ilikuwa imepanda hadi 16.

Sisemi shule ndizo zilizoleta hayo. Baa, mikutano ya siasa na matatu vilikuwa wazi pia, na mimi sina namna ya kuvitenganisha. Ninachosema ni kwamba asilimia 4 ilitumika kama sababu ya kufungua, lakini ilipofika 16 hapakuwa na kanuni iliyosema sasa tufanye nini. Madarasa matatu yaliendelea. Wengine wote wakarudi tarehe 4 Januari 2021, na mahali pengine masomo yakahamia chini ya miti.

If bila else

Hapa ndipo nilipoelewa walimu walikuwa wanaomba nini. Ukiwasikiliza vizuri, wengi hawakuwa wakisema hatutaki kufundisha. Walikuwa wanauliza: zikifika ngapi tunarudi nyumbani? Kwa lugha ya kazi yangu, walipewa programu yenye "if" bila "else". Mwandishi wa programu akikuletea kitu kama hicho utamrudishia.

Chicago, mji uleule wa redio, walimu wake waliuliza swali hilohilo mwaka 2021. Mwezi Januari chama chao kilipiga kura kukataa kurudi madarasani. Mwezi Februari wakakubaliana na mji: chanjo kwa walimu, na viwango vya maambukizi ambavyo vikifikiwa masomo yanarudi mtandaoni. Hayo yaliandikwa na kutiwa sahihi. Haikumaliza ugomvi, maana Januari 2022, wakati wa Omicron, waligombana tena na masomo yakasimama siku tano. Lakini mapatano yaliyowarudisha yalikuwa tena na kiwango kilichoandikwa, safari hii cha kila shule.

Kwetu kinga ilikuja kwa njia nyingine. Chanjo za kwanza zilifika tarehe 3 Machi 2021, na walimu waliwekwa kwenye kundi la mwanzo pamoja na wahudumu wa afya na polisi. KCPE ikaanza tarehe 22 Machi, miezi mitano ikiwa imekosewa lakini ikafanyika. Kisha walimu wakabeba ile kalenda ya mbio, mihula minne kwa mwaka, hadi mambo yaliporudi kawaida Januari 2023. Sijasikia tukiwashukuru sana kwa hilo.

Shangazi yuko salama, amestaafu, anafuga mbuzi. PIN alibadilisha zamani. Ile karatasi ya kumi na sita aliipeleka kwenye mkutano wa walimu, wakaitazama, wakaikunja, kengele ikalia wakaingia madarasani. Juzi nilimuuliza kama alikuwa na hofu mwaka mzima. Akasema hofu iliisha wiki ya pili, kwa sababu watoto sitini hawakupi nafasi ya kuogopa.

Shule zitafungwa tena siku moja, kwa ugonjwa huu au mwingine. Kama unafanya kazi wizarani, au unaandika mfumo wowote utakaotumiwa na shule, naomba kitu kimoja tu: andikeni ile namba mapema, kabla hatujaihitaji, na mwalimu awe amekaa mezani mnapoiandika.

Kama wewe ni mwalimu na ulikuwepo Oktoba ile, niachie maoni hapa chini. Darasa lako lilikuwa na wangapi?