HMS Black Joke

HMS Black Joke ilikuwa merikebu ya matanga yenye milingoti miwili, iliyotumiwa na Jeshi la Majini la Uingereza kwenye pwani ya Afrika ya Magharibi kuanzia mwaka 1827 hadi 1832. Kabla ya hapo iliitwa Henriqueta na ilibeba watumwa kwenda Brazil. Mwendo wake wa kasi, uliowafaa sana wauza watumwa, ndio uliowaletea hasara baada ya merikebu hiyo kutekwa.

Asili

Henriqueta iliundwa Baltimore, Marekani. Mafundi wa mji huo walijulikana kwa merikebu nyembamba zenye matanga mengi, ambazo zilibeba mzigo mdogo lakini zilizipita kwa mbio manowari nyingi za wakati ule. Mmiliki wake alikuwa José de Cerqueira Lima, mfanyabiashara tajiri wa Salvador katika jimbo la Bahia. Kati ya mwaka 1825 na 1827 ilivusha Bahari ya Atlantiki Waafrika zaidi ya 3,000.

Kutekwa

Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake mwaka 1807. Baadaye ilifanya mikataba na Ureno iliyoharamisha biashara hiyo kaskazini ya ikweta, na masharti hayo yaliendelea kutumika kwa Brazil baada ya uhuru wake mwaka 1822. Tarehe 6 Septemba 1827 manowari HMS Sybille, iliyoongozwa na Komodori Francis Augustus Collier, iliikamata Henriqueta ikiwa na watu 569 ndani yake. Ilipelekwa Freetown, Sierra Leone, ambako mahakama ya pamoja iliamua kwamba ilikamatwa kihalali.

Kwa kawaida merikebu zilizotekwa ziliuzwa kwa mnada, na mara nyingi zilirudi mikononi mwa wauza watumwa. Safari hii Collier aliinunua kwa matumizi ya kikosi chake. Ikapewa jina Black Joke, kutokana na wimbo wa mzaha uliojulikana Uingereza.

Utumishi

Black Joke ilikuwa na mizinga miwili tu. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Luteni William Turner. Mabaharia wake walikuwa Waingereza pamoja na Wakru, watu wa pwani ya Liberia waliosifika kwa ujuzi wa bahari.

Pambano lake mashuhuri lilitokea tarehe 1 Februari 1829, chini ya Luteni Henry Downes. Iliifukuza El Almirante, merikebu ya Kihispania yenye mizinga 14, kwa zaidi ya siku nzima. Upepo ulipolala, mabaharia walivuta makasia. Baada ya mapigano ya zaidi ya saa moja El Almirante ilijisalimisha, nahodha wake akiwa ameuawa. Ndani yake mlikuwa na watu 466.

Mwezi Novemba 1830 iliikamata skuna Dos Amigos, ambayo nayo iliingizwa katika jeshi la majini kwa jina la HMS Fair Rosamond. Mwezi Aprili 1831, chini ya Luteni William Ramsay, iliiteka Marinerito karibu na kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko). Ilikuwa na watu 496, na wengi wao walikufa kabla au baada ya kufikishwa nchi kavu.

Mwezi Septemba 1831 Black Joke na Fair Rosamond ziliwinda pamoja merikebu mbili za Kihispania, Rapido na Regulo, katika mto Bonny. Zilipokaribia kukamatwa, mabaharia wa Rapido waliwatupa majini watu waliofungwa pingu wawili wawili. Waliookolewa walikuwa wawili tu. Chanzo cha ukatili huu ni kwamba merikebu isiyokutwa na watumwa ilikuwa vigumu kuhukumiwa. Mwaka 1835 mkataba mpya na Hispania uliruhusu kukamata merikebu yenye vifaa vya utumwa, kama vile pingu, hata kama haina watu.

Waliokombolewa

Waliokombolewa walishushwa Freetown. Wengi walipewa makazi katika vijiji vya jirani, watoto wakawekwa chini ya mabwana kama wanagenzi, na baadhi ya wanaume waliingizwa jeshini. Ni wachache walioweza kurudi kwao. Watu waliokombolewa kwa njia hii ni miongoni mwa mababu wa Wakrio wa Sierra Leone.

Mwisho

Kufikia mwaka 1832 mbao zake zilikuwa zimeoza. Kwa amri ya Admirali Frederick Warren, Black Joke ilichomwa moto Freetown mwezi Mei mwaka huo. Peter Leonard, daktari wa manowari HMS Dryad, aliandika kwa masikitiko juu ya kuteketezwa kwake. Fair Rosamond iliendelea na doria kwenye pwani hiyohiyo.