Gofre na vitumbua kutoka masalio ya sikukuu: maelezo kwa majiko ya Salamabila

Gofre ni mkate laini wenye vishimo vya mraba, unaookwa kwa rojo la unga, mayai na maziwa likiwa limebanwa kati ya sahani mbili za chuma chenye moto. Ni chakula mashuhuri cha Wabelgiji, walioitawala Kongo hadi tarehe 30 Juni 1960, na katika eneo la Flanders huliwa hasa wakati wa Mwaka Mpya. Kitumbua cha Waswahili kina nasaba ya karibu nayo: rojo la mchele lililoumuka, likamiminwa katika vishimo vya duara vya chuma kilichopakwa mafuta. Vyote viwili vinafaa sana siku zinazofuata sikukuu, kwa sababu rojo hupokea kila kidogo kilichobaki: robo ya mchele, mayai mawili, ndizi iliyoiva kupita kiasi, sukari ya kukung'uta mfukoni. Kimoja kimoja hakitoshi mlo, lakini vikichanganywa hulisha watoto wa nyumba nzima asubuhi.

Mafanikio ya kazi hii yana kanuni moja: kilichobaki kibichi kinaweza kungoja, kilichopikwa hakingoji. Mpishi anayeijua ataokoa chakula na pia ataokoa matumbo ya wanaokila.

Kinachobaki, na wakati kinapobaki

Salamabila iko katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, jirani na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kama ilivyo katika mji wa Kasongo, Waislamu na Wakristo huishi pamoja, hivyo mwaka una sikukuu za pande zote: Idi mbili na Maulidi, Pasaka, Krismasi na Bonane (Mwaka Mpya). Baada ya sherehe, jikoni hubaki vitu vya aina tatu. Kuna vikavu: mchele, unga wa ngano, unga wa muhogo, sukari, maziwa ya unga, karanga, iliki. Kuna vibichi vinavyoharibika polepole: mayai na ndizi. Halafu kuna vilivyokwisha kupikwa: wali, pilau, nyama, ugali.

Wingi wa masalio hutegemea kalenda ya shamba. Mpunga wa Maniema kwa sehemu kubwa ni wa nchi kavu, unaotegemea mvua. Hupandwa mvua zinaposhika, karibu Septemba au Oktoba, na huvunwa baada ya miezi minne au mitano. Kwa hiyo Krismasi na Bonane huwakuta wakulima wakila akiba ya zamani, mpunga mpya ungali shambani. Idi nayo hutembea, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko ule wa kawaida. Mwaka 2025 Idi ya Fitri iliangukia mwisho wa Machi, na kufikia 2030 itakuwa imerudi hadi mwanzo wa Februari, katikati ya mavuno yenyewe. Unga wa ngano haufuati msimu wa Maniema hata kidogo: ngano hailimwi katika nyanda hizi za joto. Unga huletwa kutoka nje ya jimbo, na barabara zikiharibika bei hupanda. Ndiyo maana maelezo haya yanauchukua mchele kuwa msingi na ngano kuwa nyongeza.

Mchele ulivyoota mizizi Kasongo

Mchele uliingia Maniema pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili katika karne ya 19. Mmoja wao, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu katika miaka ya 1870. Mji ulizungukwa na mashamba ya mpunga, mahindi, miwa na miti ya matunda. Kasongo ilipotekwa na jeshi la afisa wa Kibelgiji Francis Dhanis mwezi Aprili 1893, daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, alikuta maghala yaliyosheheni mchele, kahawa na mahindi, naye akayaeleza katika kitabu chake cha 1897. Ukweli wa upande wa pili ni lazima usemwe: shibe ile ilitoka katika jasho la watumwa, na vita vya kuigombea viliwaua wenyeji wengi. Waliobaki waliushika mpunga wakaufanya wao. Leo ni zao la mkulima mdogo, na ni chakula cha heshima katika harusi, matanga na Idi.

Kibichi na kilichopikwa

Mchele mbichi hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani kwenye joto la kawaida, mbegu huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni: kuukaanga wali huo upya, au kuuoka katika gofre, hakuiondoi. Sufuria iliyojaa na kufunikwa ndiyo hatari zaidi, kwa sababu katikati ya wali hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Harufu si kipimo, kwani wali wenye sumu unaweza kunukia vizuri.

Nyumba yenye friji itatandaza wali kwenye sinia upoe upesi, iuweke kwenye baridi kabla ya saa 2 kupita tangu ulipoiva, na iutumie kesho yake. Nyumba isiyo na friji ina njia nyingine nzuri: kuugeuza wali kuwa gofre jioni ileile, kabla ya saa 2 hizo kupita. Gofre iliyookwa hadi kukauka ina maji machache kuliko wali, hivyo hulala salama zaidi. Wali uliokwisha kulala sufuriani bila baridi usiingie katika rojo. Nyama na mchuzi vifuate sheria hiyohiyo. Mchele mbichi, unga, sukari na mayai mazima vinaweza kusubiri kesho au wiki ijayo.

Unga wa muhogo una tahadhari yake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, inayopungua muhogo ukirowekwa siku kadhaa, ukavunda, kisha ukaanikwa. Unga uliotengenezwa kwa haraka haufai kwa rojo wala kwa ugali.

Rojo linavyofanya kazi

Rojo zuri linahitaji vitu vitatu: kitu cha kulishika lisimong'onyoke, hewa ya kuliinua, na maji ya kugeuka mvuke. Katika gofre ya ngano, kinachoshika ni utomvu wa ngano (gluteni) pamoja na mayai. Mchele na muhogo havina utomvu huo, kwa hiyo wanga na yai ndivyo vinavyobeba kazi yote. Hapo ndipo wali unapopata thamani: wanga uliokwisha kuiva hunywa maji na kuyashika, ukalipa rojo ulaini na mnato. Wapishi wa Kerala, India, husaga wali kidogo pamoja na mchele mbichi wanapotengeneza appam, chapati zao za mchele, kwa sababu hiyohiyo.

Hewa huletwa na hamira, ambayo Wakongo wengi huiita levire. Hamira hula sukari na kutoa gesi, na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35. Katika hali ya hewa ya Kabambare, saa 1 au 1 na nusu hutosha. Rojo lililo tayari huwa limepanda, uso umejaa matundu madogo yanayopasuka moja moja, na ukilichota kwa upawa hushuka kwa utepe mzito. Likiachwa zaidi hushuka na kuwa chachu.

Vipimo na utaratibu

Kwa vitumbua vya asubuhi, roweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, osha, kisha saga au twanga pamoja na kikombe 1 cha maji au maziwa hadi uwe laini kabisa. Mahali pa nazi, ambayo ni adimu mbali na pwani, tumia tui la karanga: karanga zilizotwangwa, zikakamuliwa kwa maji ya vuguvugu. Ongeza nusu kikombe cha wali uliohifadhiwa kwenye baridi, kama upo, theluthi ya kikombe cha sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira, iliki na chumvi kidogo. Acha liumuke.

Kwa gofre za jioni, ponda kikombe 1 cha wali ungali na joto kidogo. Changanya na mayai 2, kikombe 1 na nusu cha maziwa, vijiko 3 vya mafuta, vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 2 vya sukari na kijiko 1 cha chai cha hamira. Ngano ikipungua, badilisha nusu yake kwa unga wa mchele na uongeze yai 1. Ndizi mbivu iliyopondwa hubeba utamu wa sukari na husaidia kushika. Pilau nayo huingia, mradi mifupa imetolewa, nyama imekatwa ndogo na sukari imeachwa. Mawese yanafaa mahali pa mafuta mengine, nayo huipa gofre rangi ya machungwa.

Vyombo na moto

Chuma cha gofre cha zamani hakihitaji umeme: ni sahani mbili zenye bawaba na mikono mirefu, hupashwa juu ya makaa na kugeuzwa. Chuma cha vitumbua hutumika vizuri juu ya mbabula (jiko la makaa). Nyumba isiyo na hata kimojawapo itumie kikaango kizito. Mashimo hayatakuwepo, lakini rojo litaiva.

Makaa yawe mekundu yenye majivu juu, bila ndimi za moto. Dondoshea chuma tone la maji: likirukaruka na kukimbia, joto limefika, likitulia na kuchemka polepole, ngoja. Paka mafuta, mimina rojo theluthi mbili, kwa maana litapanda. Mvuke utatoka kwa nguvu pembeni. Usifungue mpaka upungue: mvuke unapokwisha ndipo uso unapokauka, ukabadilika rangi na kuachana na chuma.

Katika eneo la dhahabu, onyo moja halina mzaha. Wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki huichoma ili dhahabu ibaki, na mvuke wake ni sumu ya ubongo na figo. Kikaango, sufuria au jiko lililotumika kwa kazi hiyo lisirudi kupikia chakula hata likisuguliwa namna gani, na uchomaji usifanyike ndani ya nyumba. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulikuja kupunguza zebaki duniani, lakini ulinzi wa mtoto huanzia kwa anayechagua kikaango.

Kuhifadhi

Gofre zipoe juu ya wavu au ungo, zisirundikwe, kwani mvuke uliofungiwa huzilowesha na kualika ukungu. Zilizokauka vizuri huliwa kesho yake baada ya kupashwa kavu kwenye chuma. Zenye nyama ziliwe jioni ileile. Vitumbua ni vya siku moja. Familia yenye ratiba hii haina sababu ya kutupa sinia la wali baada ya Idi, wala ya kuhatarisha afya kwa kuuonea huruma wali uliolala: itapima masalio kabla ya jua kuzama, ipike kisichongoja, na iroweke mchele wa asubuhi.