Ndege wa miguuni mwa Usambara: anza chini kabla hujapanda

Machungwa mengi yanayouzwa Kongowea hutoka Muheza, ng'ambo ya mpaka. Wanunuzi ni wengi, lakini wachache wetu tumewahi kuinua macho tuutazame mlima uliosimama nyuma ya mashamba hayo. Ni milima ya Usambara ya Mashariki, na kutoka Mombasa haufiki hata nusu ya mwendo wa kwenda Nairobi. Mimi huenda huko kutazama ndege, kwa kawaida msimu wa kusi, na kila nikirudi naulizwa maswali yale yale: kuna nini, wapi hasa, na kwa nini mtu avuke mpaka kwa ajili ya ndege hali Arabuko-Sokoke tunayo hapa hapa Kilifi. Nimeona niyajibu kwa maandishi.

Hifadhi yenyewe inaitwa Amani. Ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka wa 1997, ina ukubwa wa hekta 8,380, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Sehemu yake ya chini kabisa iko mita 190 hivi juu ya usawa wa bahari, na ya juu hupita mita 1,100. Wageni wengi hukimbilia juu, kwenye kijiji cha Amani, kwa sababu ya historia: Wajerumani walifungua huko kituo cha utafiti wa kilimo mwaka wa 1902, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia, na bustani yao ingali ipo. Gari hupita Sigi chini, watu hulipa kiingilio langoni, wanapiga picha moja na kupanda zao.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ukiwa na siku tatu, mbili zitumie chini.

Sigi iko pale mto unapotoka mlimani. Zamani reli ndogo ilifika hapo kubeba mbao, na nyumba ya msimamizi wa stesheni sasa ni ofisi ya kuelezea wageni habari za msitu. Msitu wa hapa si ule wa juu wenye ukungu na kuvu. Una joto, miti yake ni mirefu na mizizi yake imepanda kama kuta, na asubuhi mapema unasikika kabla hujaonekana. Fika njiani saa kumi na mbili asubuhi. Usianze kutembea; simama. Robo saa ya kusimama kimya hukupa ndege wengi kuliko kilomita tatu za kutembea huku mnazungumza, na wanaonifuata mara ya kwanza hili huwashinda.

Wa kwanza kujitangaza ni hondohondo. Kuna wawili wakubwa hapa. Mmoja hulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na ukiwa mgeni unaweza kudhani kuna mtoto kweli juu ya mti. Wa pili, mwenye mashavu ya rangi ya fedha, ndiye mkubwa zaidi, na mabawa yake yakipita juu ya kichwa husikika kama mtu anayepeta mchele kwa nguvu. Jike huyu akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu, na mume akawa mtumwa wa kuleta matunda tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo hondohondo anahitaji mti mzee wenye tundu. Ukikata miti mizee ukaacha michanga, utasema msitu upo, na yeye hana pa kulala.

Huyu huyu hondohondo ana kesi yake. Karne iliyopita uliletwa huko mti wa Maesopsis, ule ambao Waganda huuita musizi, kwa kuwa hukua haraka na kutoa mbao. Matunda yake hondohondo anayapenda mno. Akayala huku, akaenda kutema mbegu kule, ndani kabisa ya msitu wa asili, na popote palipokuwa na uwazi ulioachwa na wapasuaji mbao mti huo ukachipuka. Ukitazama kutoka njia ya kupandia utaona vilele vyake vimejitandaza juu ya vingine. Lawama si ya ndege, ila aliyeuleta mti hakumfikiria ndege.

Baada ya hondohondo, sikiliza shorobo, ambaye wengine humwita kulukulu. Ni yule wa kijani mwenye kishungi chekundu, na akiruka mabawa huwaka kama kitambaa cha damu ya mzee. Anayeijua Shimba Hills anamjua. Pia yupo yule ndege wa manjano mwenye kichwa cha kijani, ambaye kwetu humpati isipokuwa Shimba. Hili ndilo lililonivuta Usambara tangu mwanzo: nusu ya ndege ninaowatafuta huko ni majirani zetu. Misitu ya pwani na misitu ya miguuni mwa mlima huu ni vipande vya nguo moja iliyochanika.

Mfano ni chozi wa Amani. Ni mdogo, tumbo jeupe, dume ana kichwa cha kijani kilichoiva karibu na weusi. Sclater na Moreau walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935, na jina akapewa la Amani. Lakini ukimtaka bila kuvuka mpaka, nenda Arabuko-Sokoke kwenye mirihi, utamkuta juu kabisa akihangaika na majani.

Huyo Moreau anastahili neno moja. Alikuwa mhasibu Mwingereza, si mtaalamu wa ndege kwa masomo, akaajiriwa Amani mwaka wa 1928. Akawafundisha vijana wa huko kukaa karibu na viota na kuandika kila ndege anapoingia na kutoka, na kutokana na daftari hizo dunia ikajifunza mambo ya malezi ya ndege wa Afrika ambayo hayakuwa yamejulikana. Kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, anayejificha kwenye mitambaazi ya pembeni mwa msitu wa juu, aliyepewa jina lake mwaka wa 1931. Vitabuni ni Artisornis moreaui. Ni miongoni mwa ndege adimu sana wa Afrika, na ukiwa na siku ile ya tatu, ndiyo ya kumtafutia.

Lakini mwenye kisa kikubwa ni bundi, na najua bundi kwetu hana heshima. Akilia juu ya paa mtu husoma dua, mwengine huchukua jiwe. Bundi ninayemsema ni mdogo kama konzi ya mtu mzima, uzito wake gramu 50 hivi, na huja kwa rangi tatu: kijivu, kahawia na nyekundu ya kutu. Alipatikana Sokoke mwaka wa 1965 na kwa miaka mingi vitabu vyote viliandika kwamba duniani kote hayupo kwengine ila msitu ule. Kisha mwaka wa 1992 watafiti wakamsikia miguuni mwa Usambara ya Mashariki. Kwenye vilele hawakumkuta, wala mashambani. Alikuwa kwenye msitu wa chini. Basi nyumba yake si Sokoke peke yake; hata hapa yumo. Sauti yake haifanani na bundi wa paa. Ni mlio mwembamba unaorudiwa rudiwa, kama wa kitororo aliyekosa usingizi, na wengi wetu tumeusikia tukadhani ni mdudu.

Ombi langu kwa wanaokwenda kumtafuta: msimwite kwa rekodi ya simu usiku kucha. Ndege huyo hudhani kuna mgeni aliyeingia nyumbani kwake, akaacha kuwinda aje kugombana na simu. Mwongozaji mzuri atajua mti anaolala mchana. Mtamwona akiwa amefumba macho, mtapiga picha, mtaondoka.

Kwa nini nasema msimu wa kusi? Kwa sababu baridi ya juu huwashusha baadhi ya ndege wa milimani. Kati ya Juni na Septemba, wale ambao kwa kawaida ungewafuata kwenye ukungu huteremka hadi msitu wa chini. Kuna mmoja mwenye kifua cha njano na nukta nyeupe mbele ya jicho kama nyota, na kuna yule mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayepekua majani makavu kama kuku. Wanakaa miezi ya baridi, kisha hupanda tena. Hili lilichunguzwa na kuandikwa na watafiti miaka ya 1990, na kwangu mimi ndilo jambo la maana kuliko yote kuhusu mahali hapa. Kumbe ndege wa kileleni ana makao mawili. Ukilinda kilele peke yake, umemlindia nyumba ya kiangazi ukambomolea ile ya baridi.

Na nyumba hiyo ya chini ndiyo iliyobomolewa zaidi, maana ardhi ya chini ndiyo tambarare, ndiyo yenye barabara. Ukitoka Muheza kuelekea Sigi utaiona historia yake dirishani: mashamba ya mkonge, kisha michungwa, kisha safu za misaji ya Longuza, ambayo watu wa huko huiita mitiki. Shuka hapo kwenye misaji usikilize. Majani makubwa makavu, kivuli, na kimya. Miti ipo mingi ila ndege wa msituni hawamo.

Sisemi haya kumlaumu mkulima. Wasambaa walikuwa hapo kabla ya Mjerumani, na kila utawala uliokuja uliwapunguzia mahali. Juu, kwenye ukanda wa Derema, wakulima zaidi ya elfu moja waliambiwa waache mashamba yao ya iliki ili vipande viwili vya msitu viunganishwe. Fidia ililipwa kwa awamu, miaka ikapita katikati, na wapo ambao hadi leo hawalitaji jina la msitu kwa furaha. Mwongozaji wangu aliniambia, "Sisi ndege tunawapenda, kaka, lakini ndege halipi karo." Sikuwa na la kumjibu papo hapo.

Lipo jaribio lililokwenda karibu na jibu. Watu wa Gede wanaujua mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka wa 1993: wakulima wa kando ya Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo kwa majani ya msitu na kuuza mabuu nje ya nchi. Amani nao walianza wao mwaka wa 2003, kwa namna hiyo hiyo, na pesa ikawa inaingia mikononi mwa akina mama kwa sharti kwamba msitu usimame. Mwaka wa 2016 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje, na vipepeo wakahesabiwa humo. Soko likafungwa kwa amri iliyolenga wanyama wakubwa. Ndiyo maana nikienda huko nachukua mwongozaji wa kijiji hata njia ninapoijua, nalala huko huko, nakula huko huko. Ni kidogo, lakini ni pesa ambayo haikupita ofisi tatu.

Na mwenye kudhani kwamba hayo ni ya Wasambaa na ndege wao, basi akumbuke kwamba mto Sigi, ambao Tanga huuita Zigi, ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya mji wa Tanga hutoka hapo. Sisi wa Mombasa tunaonunua maji kwa mkokoteni hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ukiwa njiani, kuna alama mbili ambazo huokoa muda. Ya kwanza ni siafu. Ukiona msafara wao unapita kwenye majani, usikimbie mbali. Rudi nyuma hatua kumi, chomeka suruali ndani ya soksi, ngoja. Wadudu wanaowakimbia siafu hufuatwa na ndege ambao siku nyingine hujificha, na wewe utawaona wakiwa wameshughulika. Ya pili ni mramba, yule mweusi anayekaa wima tawini na kupiga kelele. Mara nyingi chini na kando yake kuna kundi la ndege wadogo wa aina mbalimbali wanaotembea pamoja, kila mmoja akila kwa urefu wake. Kundi hilo likipita huwa ni dakika tano za kuchanganyikiwa, kisha kimya nusu saa. Chagua ndege mmoja umtazame vizuri, maana ukiwafuata wote huwapati.

Darubini ya kawaida ya mara nane inatosha. Mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo koti la mvua si anasa hata mwezi wa Julai. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia ya kupanda huteleza na sipendekezi. Kutoka Likoni unashika Lunga Lunga, unavuka Horohoro, unapita Tanga na kuingia Muheza. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa huulizwa mpakani. Muheza ndipo pa kununua maji, mkate na vocha ya simu, kwani mbele maduka ni madogo. Gari la kwenda Sigi halina saa maalumu; anayefika Muheza baada ya adhuhuri hulazimika kukodi pikipiki, na mwenye begi la darubini akae nalo kifuani, si mgongoni, maana barabara ile ina mashimo.